Daktari wa Ndani ya Geti

Bi Masuda hajui kusema jambo dogo. Akila samaki, basi samaki yule hajapata kuvuliwa mwenziwe. Akipata mafua, ujue watu walikaribia kumsomea Yasini. Ndivyo alivyo, na Waunguja wenziwe wa Deira, kule Uarabuni, waliohamia zamani kama yeye, wamezoea kumpunguzia nusu. Kosa la Lamees, jirani wa ghorofa ya chini, ni kwamba mara hii hakupunguza kitu.

Mambo yalianzia shingoni. Bi Masuda aliamka siku moja shingo imekaza, haigeuki kulia wala kushoto, na hakushtuka, kwa kuwa nyumbani mwake mna daktari. Mjukuu wake wa kike, Ashwaq, aliyemlea mwenyewe tangu mama mtu alipofariki, alikuwa amerudi kutoka Marekani na shahada ya udaktari wa ostiopathia. Hao ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kuingia chumba cha upasuaji kama wengine, ila wamefunzwa vilevile kutibu viungo na misuli kwa mikono yao. Bi Masuda habari za dawa alizisahau siku ileile. Ya mikono ndiyo aliyoyashika.

"Haya, mama, nishike hapa," alisema, ameketi kitandani, kanga ameishusha mabegani.

"Bibi, siwezi."

"Huwezi, au hujui?"

Ashwaq akamweleza taratibu. Bado yumo mafunzoni, katika hospitali moja ya Al Garhoud, na usajili alionao ni wa mafunzo: unamruhusu kutibu ndani ya hospitali ile tu, tena chini ya daktari msimamizi. Nje ya hapo sheria haimtambui. Kumtibu mtu nyumbani, japo kwa mikono mitupu, japo bibi yake, ni kufanya kazi bila leseni. Ikijulikana, usajili unafutwa na mafunzo ndiyo yameishia hapo.

"Njoo hospitali, nikuwekee miadi," alisema. "Msimamizi wangu atakuwepo, nami nitakushika mbele yake."

"Mie nikapange foleni, nipewe namba, nimwone mtoto niliyemfunza kuchamba?" Bi Masuda alicheka kwa hasira. "Kumbe we daktari wa ndani ya geti! Ukishatoka nje unakuwa nani, karani?"

Tangu hapo akamnunia. Chai alimwekea, salamu alimwitikia, lakini mazungumzo khalas. Ashwaq alirudia habari ya miadi, akarudia tena, akaambiwa aipeleke kwa wagonjwa wake wa getini. Usiku shingo ilimtesa bibi mpaka akalia, na asubuhi akaamka na kisirani chake kilekile.

Sasa tuseme kweli, kilichomuuma zaidi si shingo. Ni aibu. Kila Ijumaa wanawake hukutana kwa Lamees, na kila Ijumaa Bi Masuda ndiye mwenye mjukuu daktari. Walipomwona anageuka mwili mzima akitaka kupokea kikombe, mmoja akamuuliza, kwani Ashwaq hakuoni?

"Hanioni? Lo!" Bi Masuda akatia chumvi mkono mzima. "Mngeniona juzi, kichwa sinyanyui! Kanishika kidogo tu, ndo hivi mnaniona nimekaa na watu. Ile mikono ina baraka, wallahi. Na hachagui mtu, yeyote aje."

Lamees, masikini, hana ubaya. Ana magoti mabovu na anawaonea huruma wenye magoti mabovu. Akarekodi sauti akaitia kwenye kundi lao la WhatsApp: wenye migongo, wenye viuno, mjukuu wa Bi Masuda anatibu nyumbani kila Ijumaa baada ya sala, bure kabisa, karibuni. Sauti ikatoka kundi hili ikaingia lile, mpaka ikamfikia mtu aliyeona vyema hospitali nayo isikie.

Ashwaq alirudi nyumbani mchana, saa ambayo si ya kurudi. Amesimamishwa. Kamati ya mafunzo itamhoji, na ikithibitika kwamba ametibu watu nje, jina lake litapelekwa kwenye mamlaka ya afya ili usajili ufutwe. Alimsikilizisha bibi yake ile sauti, wala hakumgombeza. Bi Masuda akampigia simu Lamees amtukane, akamtukana, kisha akakumbuka kwamba maneno yale ni ya kwake mwenyewe, akakata.

Siku ya kamati alivaa buibui jipya, akafuatana na mjukuu wake, akaomba asikilizwe. Walikuwa watu watatu, mkubwa wao Dokta Raed, msimamizi wa mafunzo. Bi Masuda alikuwa amejipanga: ataongea kwa adabu, kwa Kiarabu kizuri, atakiri, atatoka.

"Hakunigusa," alisema. "Nilidanganya watu."

Mwanamke mmoja wa kamati, mwenye miwani, hakuridhika. "Bibi, mtu akitaka kumwokoa mjukuu wake atasema lolote. Kwa wenzio umesema amekutibu, kwetu unasema hakukugusa. Tuamini lipi?"

"Hili."

"Una maumivu, daktari analala chumba cha pili, ni mjukuu wako, na asikuguse? Ni vigumu kuamini."

Hapo mambo yakaharibika. Swali lile lilikuwa lake yeye Bi Masuda, amelilalia na kuamka nalo, na sasa mtu baki analiuliza mbele za watu. Adabu yote ikamtoka.

"Vigumu kuamini? Na mie je! Mwezi mzima nalala nimekaa! Nimemlilia huyu, nimemkumbusha nani alimbeba mgongoni ana surua, na yeye ananambia miadi. Miadi! Nikamwambia basi bonyeza hapa kwa kidole kimoja, nani atajua? Ananijibu, 'Mimi nitajua, bibi.' Hana huruma mtoto huyu, hana! Nyie mnataka kumwadhibu kwa kunishika? Mwadhibuni kwa kutonishika! Andikeni hilo, nami natia saini!"

Dokta Raed alikuwa ameshaanza kuandika. Mwenye miwani alimtazama Ashwaq, aliyeketi pembeni ameinamisha kichwa, asiulize tena. Waliwatoa nje kidogo, wakawaita, wakamwambia Ashwaq kesho arudi kazini. Usajili wake hauguswi.

Wakatoka mpaka ukumbini. Bi Masuda koo limemkauka kwa makelele, lakini moyo umetua, na alikuwa anangoja kushukuriwa.

"Umeona nilivyowakomesha?"

"Bibi," Ashwaq alisema, "ile ya kwamba sina huruma. Ulisema ili waniachie?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu jepesi, na Bi Masuda majibu mepesi hayajapata kumshinda. Lakini alikuwa amechoka.

"La," alisema. "Nilisema yaliyomo moyoni."

Ashwaq akaitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaanza kulia, na watu wanapita.

"Kila ukilia nilikuwa nakusikia," alisema. "Natoka chumbani, naja kukaa chini nje ya mlango wako. Mikono naikalia, bibi, isije ikafungua mlango. Ukinyamaza ndo narudi kulala."

Bi Masuda alisimama palepale. Mwezi mzima, kila alipolia, alikuwa akijiambia kwamba mtoto yule amelala.