Kasi ya Laini ya Nne

Nathanaeli alisoma kwa vidole. Ofisi yetu ya maji, hapa Miyuji, ilimchukua kwa majaribio ili asome malalamiko ya wananchi na kuyajibu. Siku ya wageni wa makao makuu ndiyo ingeamua kama anabaki kazini au anarudi kwao Haneti.

Sote tulitumia kompyuta kuu moja, kila meza na laini yake. Kibao chake cha nukta nundu, kinachogeuza maneno ya skrini kuwa vinundu vya kupapasa, alikuja nacho mwenyewe, nacho kilikuwa cha zamani. Kiliunganishwa kwenye laini ya nne kwa waya mnene, na hakikuelewa kitu mpaka kompyuta ipunguze kasi ya laini hiyo ilingane nacho. Kasi zikipishana, vidole hukutana na takataka. Tena kompyuta ikizimika na kuwaka, inasahau yote, kwa hiyo kila asubuhi niliandika amri upya. Nilimwomba mkuu wetu, Bwana Ludovick, ruhusa ya kuiandika kwenye faili la kuwashia, ikae humo moja kwa moja. Akasema mimi ni kibarua, mafaili ya mfumo ni ya mkandarasi wa Dar es Salaam. Mkandarasi huyo hajawahi kuonja vumbi la Dodoma.

Siku hiyo niliweka kasi, Nathanaeli akajaribu, akatabasamu. Kisha nikatumwa kubeba soda. Na kwa kuwa kwetu mgeni mkubwa hapokelewi kwa umeme wa kukatikakatika, Bwana Ludovick akaamuru jenereta liwashwe mapema. Umeme ulipohamishwa, taa zilipepesa. Kompyuta ikazimika, ikawaka.

Niliacha kreti mlangoni, nikamnong'oneza Bwana Ludovick kwamba naomba kuandika mstari mmoja tu. Alinishika kiwiko huku akiwachekea wageni.

"Usitutie aibu, kijana. Wageni wameshakaa."

Nathanaeli akaweka vidole awasomee wageni barua moja ya malalamiko. Akavirudisha mwanzo. Akatamka silabi mbili zisizo na maana, kisha akaondoa vidole. Mama mmoja mwenye miwani akaanza kupiga makofi polepole, wenzake wakafuata, kama mtu anavyompigia mtoto aliyeanguka akijifunza kutembea. Heri wangemtukana.

Walipokwenda kula, niliketi kwenye kibodi bila kumwomba mtu, nikaandika ile amri ya kasi. Nathanaeli akaisoma barua ile ile, ya wanawake wanaogombania dimbwi na ng'ombe, akaimaliza bila kukwama. Bwana Ludovick alikuwa amerudi kuchukua funguo za gari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe anajua," akasema. "Bahati mbaya, wameshaamua."

Nilikuwa na maneno ya kumchoma mpaka uzeeni.

"Mwache, mdogo wangu," Nathanaeli akasema. "Chomoa waya. Kibao ni changu."

Nikachomoa, nikaukunja ule waya. Barua ya wale wanawake tukaiacha kwenye skrini, haijajibiwa.