Mikono ya Odile Yaenda Kazini

Jumatatu moja Odile Metoyer alikuwa jikoni kwake mtaa wa Tremé, New Orleans, akichambua maharage mekundu, mikono yake ilipochomoka kwenye vifundo. Hakuumia. Mikono ilijipangusa kwenye aproni, ikavaa glavu zake nyeupe za kanisani, ikatoka.

"Inaenda wapi?" akauliza mumewe, Honoré.

"Kazini. Huoni nimechelewa?"

Honoré akamalizia kuchambua maharage.

Odile alianza piano kanisani akiwa na miaka sita, akapitia kumbi za dansi, na sasa huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akipiga jazi kwenye hoteli ya Wazungu. Watu weusi waliingilia jikoni. Jioni ile aliikuta mikono yake ndani ya tramu, imekaa viti vya mbele. Yeye akaenda viti vya weusi, nyuma. Hotelini, bawabu aliivulia mikono kofia, akaifungulia mlango mkubwa. Kisha akamgeukia Odile.

"Wewe mama, zungukia nyuma."

"Hiyo mikono ni yangu."

"Sijakataa. Ila yenyewe ina glavu."

Akapitia jikoni, akasikiliza karibu na masufuria. Ukumbi mzima ulisimama kuishangilia mikono.

"Dada, leo umewamaliza!" akasema Ursin, mpishi.

"Wa kushoto una haraka," Odile akajibu.

Ikawa ndiyo kazi. Meneja aliridhika, maana mikono haili. Ilirekodi santuri, ikapigwa picha ya gazeti, wake za matajiri wakaibusu. Kila ikimaliza ilirudi nyumbani, ikajipachika mahali pake.

Kisha ikaalikwa Chicago. Huko ililazwa hotelini. Odile akalala kwa mjane mmoja wa mtaa wa weusi, aliyemlisha kwa kijiko bila maswali.

"Isiporudi je?" Odile akamuuliza.

"Basi utakaa hapa. Ila mimi piano sina."

Odile hakupata usingizi. Asubuhi mikono ikabisha hodi, imebeba mkate wa siagi wa hotelini. Ikamlisha wote, hata makombo. Alitaka kuigombeza, akaacha. Akakaa sakafuni, akainamisha kichwa, mikono ikaanza kumsuka nywele, taratibu, mstari kwa mstari. Jioni kulikuwa na onyesho, na jikoni, atakakokaa Odile, nako kuna watu wa kumtazama.