Mche wa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi alipoletewa mche wa mnazi aupande, Chiku alihisi damu yamchemka hadi masikioni. Wala si mahali pengine, ni pale pale uwani kwake! Hata haya hawakuwa nayo watu hawa.

Mradi wa kuusafisha mtaa ulikuwa wa ushirikiano, ndivyo walivyoambiwa. Baraza la mji lingeleta katapila, wenye hoteli wangetoa saruji, na wakaazi wangetoa nguvu zao. Chiku, mshona makuti asiyejua kunyamaza, ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwahimiza watu. Kisha Faki, jirani yake na mwenyekiti wa kamati, akasema minazi yazuia mtaro.

"Kateni tu, dada. Kila mtu atapewa kiwanja chake."

Chiku akawa wa kwanza kuikata yake, kwa shoka lake mwenyewe, tena kwa vigelegele. Jamani, vigelegele! Wenzake wakamfuata.

Sasa pwani hii, ardhi yaweza kuwa ya fulani, lakini mti ni wa aliyeupanda, na hufukuzwi hivi hivi mahali penye mti wako. Faki alilijua hilo tangu utotoni. Wapima ardhi walipokuja, walianzia kwa Chiku. "Mama, una mti gani hapa?" Chiku akawaonyesha mtaro. Wakamwita mpangaji wa muda, wakamwambia ahame. Mahali pake wakapewa wenye hoteli, wajenge duka la vinyago. Na mgeni rasmi wa leo ndiye mkubwa wao.

"Makofi kwa mgeni wetu!" Faki akapaza sauti.

Chiku akapenya katikati ya viti. Nduku, jirani yake wa kutoka bara, akamvuta leso. Leso ikabaki mkononi mwa Nduku. Mgeni ndiyo kwanza amalize kufukia. Chiku akaung'oa ule mche kwa mkono mmoja.

"Chiku! Watutia aibu mbele ya wageni!"

"Aibu? Wewe waijua aibu, Faki? Mimi mwanitoa kwa kuwa sina mti, halafu mwamleta huyu apande wake? Kwangu?"

Askari wakamshika mikono. Hakuwajali. Aliwatazama majirani zake, watu waliokata minazi yao kwa kumsikiza yeye.

"Kesho wapimaji waja kwenu," akawaambia, "nanyi mwapiga makofi."