Bahasha za Lakiri ya Dhahabu

Siku bahasha ile ilipofika, Vernon Tuttle hakuitia kwenye sanduku la barua kama kazi yake inavyomtaka. Aliibeba mkononi mpaka jikoni, akamkabidhi binti yake Corinne kana kwamba anamkabidhi kichanga. Mpaka mwaka ule wa tisini na sita alikuwa amegawa barua Pell Ridge, Ohio, kwa miaka ishirini na miwili, na hajapata kuona jina la Tuttle chini ya lakiri ya dhahabu.

“Jumuiya ya Taifa ya Wanafunzi Bora,” Corinne alisoma. “Baba, wamenichagua! Nikilipa dola themanini tu, nakuwa mwanachama maisha yangu yote.”

Corinne alikuwa anamaliza mwaka wa pili katika chuo kidogo cha wilaya. Fomu ya kuhamia chuo kikuu cha jimbo ilikuwa imelala juu ya friji tangu Januari, maana kila alipoishika alisema, “Kule wanakwenda watu wenye akili.” Jioni ile aliiteremsha mwenyewe, akaijaza yote bila kuinua kichwa.

Kesho yake Vernon alitangaza. Aliwaambia wanywaji kahawa wote wa mgahawani, akamwambia mchungaji, na mchungaji alipoingia ndani akamwambia mbwa wa mchungaji.

Siku ya tatu, akipanga barua za njia yake, akakuta bahasha yenye lakiri ya dhahabu. Akatabasamu. Akakuta ya pili. Kufika ya thelathini na saba, tabasamu lilikuwa limemkauka mdomoni. Moja ilikuwa ya Dewey Skaggs, aliyerudia hesabu mara tatu na kulirudisha gari lake kinyumenyume mpaka ndani ya bwawa la chuo. Nyingine ya Bi Ardith Pomeroy, mwenye miaka sitini na minane, aliyejiandikisha darasa la ufinyanzi chuoni hapo akaliacha wiki ya pili.

Akazigawa zote. Bi Ardith alilia palepale ngazini, akamkumbatia Vernon pamoja na mkoba wake wa barua. “Vernon wee! Kumbe chungu changu walikiona!”

Aliporudi nyumbani, alikuta bahasha mbili mezani, zimefungwa: moja ina hundi ya kuilipa jumuiya, nyingine ina fomu ya chuo kikuu.

“Kesho unipelekee, baba.”

Vernon akaketi bila kuvua kofia. Akinyamaza, binti atanunua upepo kwa dola themanini. Akisema, fomu itarudi juu ya friji, na safari hii huenda isishuke tena. Tena kuna kiapo: mgawa barua hasemi nani kapata nini.

“Corinne, tuseme kuna mtu ana mkoba.”

“Mkoba gani?”

“Mkoba tu. Na ndani mna bahasha kama yako.”

“Ngapi?”

“Siruhusiwi kusema. Ila bega linaniuma.”

Corinne akamkazia macho. “Dewey Skaggs kapata?”

“Barua ya mtu ni siri.” Lakini masikio yalishakuwa mekundu.

“Dewey! Dewey wa bwawani? Na Bi Ardith je?”

Vernon akashikwa na kikohozi kirefu kisicho na mafua.

Corinne akaichukua bahasha ya hundi, akaipasua vipande viwili. Kisha mkono wake ukaifuata ile ya pili. Vernon akafumba macho.

“Mwanangu, mimi sijawahi kuhitaji lakiri ili nijue kwamba wewe...”

“Ngoja kwanza, baba. Dewey si kafaulu hesabu juzi? Nani alimfundisha?”

“Wewe. Wiki sita, mezani hapa. Alitumalizia siagi yote ya karanga.”

“Basi kama Dewey Skaggs ni mwanafunzi bora wa taifa zima, mimi niliyemfundisha ni nani?”

Akacheka mpaka meza ikatikisika, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Kisha akamsogezea ile bahasha. “Hii ipeleke. Na usiipinde.”

Vernon akaigeuza huku na huku. “Haina stempu.”

“Wewe si mtu wa posta?”

“Hata sisi tunanunua, profesa.” Akatoa pochi, akabandika stempu, akaikandamiza kwa kidole gumba kwa muda mrefu kuliko stempu inavyohitaji.