Ng'ombe wa Luhende na Kamera ya Felisita

Hivi wewe, ungeletewa ng'ombe wa mahari ya mwanao ndani ya simu, wote wanameta kama waliopakwa mafuta, wanatembea bila kukanyaga chini, na nyuma yao unapigwa muziki wa disko, ungesema umewapokea? Basi usimcheke Maduhu wa Kasoli. Mcheke mwingine, yeye mwache.

Maduhu alikuwa na binti mmoja, Evalina, na Evalina alikuwa amechumbiwa na Paschal, mtoto wa mzee Luhende wa Sapiwi. Maneno yalikuwa yamekwisha pande zote mbili, soda zimenyweka, wazee wameshikana mikono. Kilichobaki ni baba wa binti kwenda Sapiwi kuwatazama ng'ombe. Jambo hilo halifanywi kwa kusikia. Baba anasimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wanatolewa mmoja mmoja, wanapita mbele yake. Anatazama rangi, anatazama mwendo, anasikiliza pumzi, ndipo anasema huyu sawa, huyu mrudishe.

Lakini Maduhu alikuwa ameteleza juu ya lori siku ya kupakia pamba, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga hogo, lile plasta gumu jeupe, kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Akawa mtu wa kushinda barazani, mguu umelazwa juu ya kigoda, chakula analetewa, maji ya kunawa analetewa, hata fimbo ya kufukuzia kuku analetewa.

Ndipo Felisita akajitolea. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mke wa Maduhu, kwa hiyo kwa Maduhu ni shemeji, na kwa Evalina ni mama mdogo. Yeye ndiye aliyemsuka Evalina nywele tangu mama yake alipofariki, na alishasema harusi hii ikipita salama ataweza kwenda kaburini kwa dada yake bila kuinamisha uso. Kazi yake pale Bariadi mjini ni kupiga video: harusi, kipaimara, mahafali ya shule. Ana kamera kubwa ya begani, na ana nyingine ndogo, imezidi kiberiti kidogo tu, aliyoinunua kwa dereva mmoja wa watalii kule Lamadi. Hiyo ndogo inafungwa kwenye paji la uso kwa mkanda, mikono inabaki huru. Watoto wakimwona nayo wanamwita mchimba dhahabu.

"Shemeji, mimi nitakuwa macho yako," alisema Felisita. "Nitasimama mlangoni mwa zizi, pale pale ambapo ungesimama wewe."

Maduhu aliutazama mguu wake, akaligonga lile hogo kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. "Haya," akasema. "Kama ndivyo mlivyoona."

Felisita akaenda Sapiwi, ile kamera ndogo ameifunga kwenye paji la uso. Luhende aliwatoa ng'ombe wake kwa madaha, akiwataja mmoja mmoja: jike mwekundu na ndama wake, mtamba wa rangi ya majivu, dume jeusi lenye baka jeupe kwenye paji, na wengine nyuma yao. Vumbi likatimka, ng'ombe wakapita wakilia, mmoja akasimama kukojoa na Felisita akamsubiri amalize, maana hata hilo baba wa binti hulitazama. Akarudi mjini ameridhika, nywele zimejaa vumbi la samadi.

Alipofungua kompyuta yake akakuta ile programu ya kuhariri video za kamera ndogo imejiapdeti yenyewe. Alikuwa ameizoea ile ya zamani kama mtu anavyozoea jiko lake. Kamera hizi ndogo zina jicho la mviringo, zinapinda kila kilicho pembeni, na programu ya zamani ilikuwa na kitufe kimoja cha kunyoosha. Unakibonyeza, picha inanyooka, basi, mengine inakuachia mwenyewe. Sasa kitufe kile hakipo. Badala yake kuna kimoja kikubwa chenye nyota zinazomemeteka, na hicho kinafanya yote kwa mpigo: kinanyoosha, kinakoleza rangi, kinaondoa mtikisiko, kinakata kinachokiona hakina maana, kinaweka muziki na kichwa cha habari. Ukikataa moja umekataa yote.

Felisita alitafuta kila pembe. Akabonyeza vistari vitatu, akabonyeza kile kigurudumu cha mipangilio, akarudi, akatoka, akaingia tena. Hakuna. Mwishowe akakibonyeza kile cha nyota. Alipoona rangi zimekolea hakushtuka sana, kwa sababu maharusi wake wote hupenda rangi kali. Akaituma kwenye simu ya Evalina.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Mwangaluka, shemeji," alisema Maduhu, akimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Shemeji, hawa ng'ombe umewapaka rangi ya kucha?"

"Hapana, shemeji. Hiyo ni programu, imebadilishwa."

"Huyu mtamba ni wa bluu. Mimi tangu nizaliwe sijaona ng'ombe wa bluu. Na huyu mwekundu anawaka kama taa ya breki."

"Ni programu, shemeji. Inakoleza."

"Na hawatembei, wanateleza. Nitajuaje nani anachechemea? Halafu yule mwenye ndama, ndama wake kaenda wapi?"

Felisita akaifungua video yake na kuitazama upya. Kweli, ndama alikuwa amekatwa. Programu ilimwona hana maana. Aliyekuwa anakojoa naye kakatwa. Na juu kabisa, kwa herufi za dhahabu, ilikuwa imeandika kwa Kizungu maneno ambayo Evalina alishamtafsiria baba yake: Wanyama wa Porini.

"Mwambie Luhende," alimaliza Maduhu, "mimi natoa binti. Sitoi mbuga ya wanyama."

Neno halikai Kasoli likalala. Kabla jua halijatua lilishafika Sapiwi, na lilipofika lilikuwa limenenepa: Maduhu amesema ng'ombe wa Luhende wamepakwa rangi ili kuficha ugonjwa. Luhende mwenyewe akampigia Felisita.

"Mwanamke wewe, nilikufungulia zizi langu. Umekwenda kunifanya tapeli?"

"Mzee wangu, ni programu..."

"Sina ng'ombe anayeitwa programu. Mwambie shemeji yako namsubiri mpaka Jumapili. Ikipita bila jibu, ng'ombe wanarudi malishoni na Paschal atatafuta kwingine."

Evalina alikuja mjini siku hiyo hiyo, macho yamevimba. Hakulaumu. Alikaa kwenye benchi la studio, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Hilo lilimuumiza Felisita kuliko kulaumiwa.

"Tulia, mwanangu," akamwambia. "Hawa wenye programu wameweka mahali pa kutoa maoni. Watu walioweza kutengeneza kitu kama hiki hawashindwi kusikia."

Akafungua. Kwanza wakamuuliza alikuwa akifanya mchezo gani alipopiga video: kuteleza juu ya mawimbi, kuteleza kwenye theluji, baiskeli ya milimani, au kuruka kutoka angani. Ng'ombe hawakuwemo. Akachagua "mengineyo". Kikaja kisanduku cha kuandikia, naye akavuta kiti, akaandika kama alivyofundishwa darasani kuandika barua:

"Habari za kazi, ndugu zangu. Natumaini hamjambo ninyi na familia zenu. Sisi huku Bariadi hatujambo, tunamshukuru Mungu, pamba tumeshavuna. Mimi ni Felisita, nimetumia programu yenu kwa muda mrefu na imenisaidia sana katika kazi zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Sasa ndugu zangu, shida yangu ni hii."

Akaieleza shida. Aliieleza vizuri, kwa mpangilio: kitufe, rangi, ndama, yule mtamba, Luhende, Jumapili. Akatuma, akanawa mikono, akaenda kuinjika chai.

Jibu lilikuja kabla maji hayajachemka.

"Wamejibu!" alisema Evalina. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma basi."

"'Habari Felisita! Asante kwa maneno yako mazuri. Tumefurahi sana kwamba unalipenda toleo letu jipya. Endelea kufurahia mawimbi!'"

Felisita akarudi na kijiko mkononi. Wakatazama pamoja. Kisanduku kile kilikuwa na kipimo chake cha maneno, na kilikuwa kimejaa kwenye "nawashukuru kutoka moyoni". Yaliyofuata yote kilikuwa kimeyamwaga. Aliwafikishia salamu, na shida amebaki nayo.

"Mama mdogo, anza na shida."

"Bila salamu? Wataniona sina adabu."

"Hawakuoni kabisa."

Akaandika tena, uso umekunjamana kama anayemeza kwinini: Nirudishieni kitufe cha kunyoosha peke yake. Mara jibu: maoni yako yamepokelewa na yatazingatiwa katika matoleo yajayo.

"Yajayo lini?" Felisita aliiuliza kompyuta. "Wewe, nakuuliza, lini? Kwangu mimi kuna Jumapili tu!" Akampigia fundi mmoja wa kompyuta, fundi akasema ile ya zamani haipatikani tena, imefungwa. Akajaribu kupunguza rangi kwa mkono, mtamba akatoka kwenye bluu akaingia kijani. Mwisho akaamua kuchukua video kama ilivyotoka kwenye kamera, haijaguswa, ikiwa imepinda vile vile. Angalau rangi ni za Mungu, alijisemea, na ndama yumo.

Jumamosi akaenda nayo Kasoli mwenyewe, kompyuta kaifunga ndani ya kitenge isiingie vumbi. Akamkuta Maduhu barazani. Wakasalimiana vya kutosha, uji ukaletwa, kompyuta ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa.

Maduhu alitazama kwa makini, kichwa kimeinama.

"Huyu mgongo umepinda kama upinde."

"Ni jicho la kamera, shemeji. Likiwa pembeni linapinda."

"Na pembe zake zimekwenda kusalimia mkia."

"Ni jicho, shemeji."

"Juzi rangi ni kosa la programu. Leo mgongo ni kosa la jicho. Sasa kosa la ng'ombe mwenyewe nitalionea wapi?"

"Subiri afike katikati. Katikati hapindi. Haya, tazama sasa! Huyo amenyooka, huyo mwendo wake ni wake, huyo ndama wake. Umeona?"

Maduhu aliona. Mtamba alikuwa wa majivu, na mwekundu alikuwa mwekundu wa kawaida, ubavuni ana tope. Alipita akipiga kwato, akatikisa sikio kufukuza nzi. Hapakuwa na la kusema juu yake. Maduhu akajikuna juu ya hogo, kama kwamba mkuno ungepenya.

"Vumbi limezidi," akasema.

"Zizini kuna vumbi."

"Na umewapiga kutoka juu. Wewe ni mrefu kuliko mimi."

"Shemeji, nimekuzidi kidole kimoja!"

"Na harufu hakuna."

Evalina, aliyekuwa ameshika bakuli la uji, akaliweka chini kwa kishindo. "Harufu! Baba, harufu kwenye kompyuta?"

"Ng'ombe mgonjwa ana harufu yake."

"Sema tu hutaki niolewe, tujue."

"Sijasema hivyo."

"Basi umesema nini? Kila siku una jipya. Kesho ni Jumapili, baba. Mama mdogo hajalala, mzee Luhende kanuna, Paschal hapokei hata simu yangu, na wewe unatafuta harufu!" Akageuka, akakumbatia nguzo ya baraza.

Felisita alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo tayari, jingine lile lile: kwamba kamera haichukui harufu, kwamba si kosa lake, kwamba wenye programu wameshaandikiwa na wamesema watazingatia. Akalisikia lilivyo kabla halijatoka. Akalimeza. Akafunga kompyuta, akaiweka pembeni, akaketi chini kwenye sakafu ya baraza usawa wa kile kigoda, hogo la Maduhu likiwa mbele ya uso wake.

"Shemeji," akasema. "Nimekujibu sana. Sasa majibu yameniishia. Hebu niambie wewe. Ulitaka nini?"

Maduhu akamtazama binti yake mgongoni. Akatazama njia inayotoka pale uani kuelekea barabarani. Kuku akapita na hakumfukuza. Aliposema alisema kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili kana kwamba alitaka lieleweke mara mbili.

"Nilitaka kwenda. Tangu siku ya kwanza nilitaka mniulize, tukubebe? Nikaona haya kujisemea mwenyewe nibebwe kama gunia. Ng'ombe wa Luhende nawajua, hawana neno. Nilitaka nisimame mlangoni mwa zizi lake, hata kwa mguu mmoja, huyo mtu anayemchukua mwanangu anione kwamba Evalina ana baba."