Picha Iliyogoma Kushuka

Ulikuwa ukitafuta "likizo ya uzazi" kwenye tovuti ya ndani ya ofisi yetu, cha kwanza kuja ni picha ya mkurugenzi akicheza muziki, tai begani, jasho linamtiririka. Ilipigwa kwenye hafla ya kumuaga mhasibu aliyekuwa anakwenda kujifungua, na maneno hayo yaliandikwa chini yake. Utaratibu wa likizo wenyewe ulijificha huko chini kabisa.

Kurekebisha utafutaji huo nilipewa mimi, na mkurugenzi hakunificha: Ijumaa ikifika bado, mkataba wangu hauongezwi. Nikawa nalala na picha, naamka na picha.

Mtambo wa utafutaji hupandisha juu kile kinachofunguliwa sana. Basi kumbe kila tulipojaribu, mimi na wenzangu tuliifungua picha tucheke kidogo. Tulikuwa tunajichongea wenyewe! Nikaufundisha mtambo usituhesabu sisi mafundi. Wapi! Picha ikabaki kileleni, imetukodolea macho.

Nikaangalia nani anaifungua. Mtu mmoja tu, kila asubuhi kabla ya kikao. Mkurugenzi.

Sasa bosi unamwambiaje kwamba mchawi ni yeye? Dada wa mapokezi, ambaye umbea wa jengo zima unapita kwake, akanisukuma mlangoni.

"Ingia bwana, kwani atakumeza?"

Nikaingia, nikayamwaga yote. Mkurugenzi akavua miwani.

"Sasa ikishuka nitaipataje? Mimi najua njia hiyo moja tu. Naandika likizo ya uzazi, inakuja."

"Kwani ina nini, mkuu?"

Akanigeuzia kompyuta. Pembeni mwa picha, amekatwa nusu, alikuwepo bibi mmoja akicheza naye. Kwa kucheka kwetu kote, hatukuwahi kumwona.

"Mama. Alipita kunisalimia, wakamvuta acheze. Siku hizi miguu haimbebi tena."

Niliona haya, kisha nikafurahi, maana dawa niliijua. Nikavuta kibodi yake bila hata kuomba, nikafuta maneno ya likizo, nikaipa picha jina jipya.

"Haya, andika mama."

Akaandika kwa kidole kimoja. Ikaja ya kwanza.

"Na likizo?"

"Jaribu, mkuu."

Utaratibu ukaja juu, safi. Akaitikia kwa kichwa, akairudia picha.

"Mkataba njoo usaini kesho," alisema, macho yakiwa kwa mama yake. "Na hao wa kikao waambie wanisubiri kidogo."