Rozari Mbili mpaka Shabunda

Rozari ya maman Yolande ilikuwa imepoteza shanga moja, na mahali pake pamefungwa kifungo cha shati. Charlène alikiona kifungo hicho kabla hajamwona vizuri mwenye rozari, maana ndani ya ndege ndogo, kwenye uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu, walikuwa wamekaa paja kwa paja, na yeye hakuwa mtu wa kutazama watu usoni.

Maman Yolande, aliyezoea kupeleka Shabunda vidagaa vikavu vya sambaza, alimuuliza kama ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Charlène akaitika kwa kichwa. Mama huyo akamtuliza: kutoka hapa mpaka kule ni rozari mbili tu, ukisali bila kukimbia.

Charlène hakuamini. Utotoni alitoka Shabunda kwa miguu, nyuma ya marehemu baba yake, akipelekwa Bukavu kwa ami yake, tonton Donatien, ili asome. Walilala kijiji hiki na kile mpaka viatu vyake vikaisha, na tangu hapo hakumwona tena mama yake. Umbali ule haungeweza kumalizwa na sala. Lakini hofu ilimwingia, kwani aliitegemea safari impe muda wa kupanga maneno.

Zagabe, seremala wa mtaa wa Kasha kule Bukavu, alitaka kumwoa, na tonton alishakubali. Ila mama yake alituma neno kwamba hapokei mahari ya binti anayenyamaza. Aje, aseme kwa mdomo wake kama anamtaka huyo mwanaume. Asiposema, hakuna ndoa. Walipojaribu kwa simu, Charlène alipumua tu mpaka unite za kupigia zikaisha. Hata Zagabe hakuwahi kulisikia neno lenyewe, kwamba anampenda. Alizoea kumtania kwamba anaoa redio isiyo na betri.

Ndege ikaruka. Rozari ya kwanza ilipita akitafuta maneno, msitu chini umejaa kama majani ya sombe kwenye sufuria. Akayapata, akayapanga: kwanza salamu za tonton, halafu sifa za Zagabe, halafu, polepole, lile lenyewe. Rozari ya pili ilikuwa ya kuyakariri. Haikufika nusu, ndege ikainama.

"Upepo umetusukuma," maman Yolande akanung'unika. "Piloti wa leo haachie mutu amalize sala."

Charlène alitamani kumwomba piloti azunguke tena, hata mara moja tu.

Mama yake alisimama kando ya uwanja, mfupi kuliko alivyomkumbuka, kitenge kipya kimemkaa vizuri. Walikumbatiana, wakalia, wakacheka kwa sababu wote wawili walikuwa wanalia. Kisha mama akamshika mabega na kumuuliza kile anachoulizwa kila anayeshuka pale.

"Umechoka, mutoto wangu? Si iko mbali sana?"

Salamu za tonton zilikuwa zimeshapotea, na sifa za Zagabe pia.

"Haiko mbali, mama," Charlène alisema. "Namupenda Zagabe. Ni yeye namutaka."